Aliyebebwa Kila Jumapili

Jumapili moja, mwaka juzi, mchungaji wetu alihubiri habari za yule mwenye kupooza wa Kapernaumu, aliyebebwa na watu wanne na kuteremshwa darini mpaka mbele ya Yesu. Katikati ya mahubiri akawaomba vijana wanne wasimame. Kila mtu aliwafahamu. Ndio waliokuwa wakimpandisha fundi cherehani mmoja ngazi tisa za kanisa letu kila Jumapili, wawili huku na wawili huku, yeye akiwa amekaa juu ya kiti mwendo chake. "Wale wanne wa Kapernaumu ndio hawa," mchungaji akasema. Vigelegele vikapigwa, matarumbeta yakaitikia. Nami nilipiga makofi.

Jumanne yake nilimpelekea fundi suruali ya kupunguza. Anatumia cherehani ya mkono, kwa kuwa polio ilimnyang'anya nguvu za miguu angali mtoto mdogo. Mkono wa kuume unazungusha gurudumu, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mshono unatoka umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nikamwambia mahubiri ya Jumapili yalinigusa. Akakata uzi kwa meno, akalaza pindo, kisha akasema bila kupandisha sauti: "Kaka, yule wa Kapernaumu alibebwa siku moja. Mimi nabebwa kila Jumapili. Nikiwa pale juu, nikitazama zile ngazi, najiona kama jeneza."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi iliyopitisha mchoro wa ngazi zile. Tulibishana wiki nzima kuhusu marumaru, rangi ya vioo vya madirisha na urefu wa mnara wa kengele. Fundi alikuwa msharika wetu wakati huo, na ahadi yake ya ujenzi ilisomwa mbele ya kanisa kama za wenzake. Kuhusu ngazi, hakuna aliyefungua mdomo.

Niliporudi nyumbani nikaisoma upya Marko sura ya 2, na safari hii macho yangu yalitua mahali ambapo hayajawahi kutua. Kwa nini wale wanne walipanda darini? Kwa sababu mlango ulikuwa umezibwa. Na waliouziba hawakuwa walevi wala watu wa fujo. Walikuwa waumini. Walikuja kusikiliza neno, wakajaa mpaka kizingitini, wakaangalia mbele, na mtu aliyeletwa kwenye mkeka akakosa upenyo. Marko haandiki kwamba hata mmoja alisogea. Kilichosogea ni dari. Siku ile nyumba ndiyo iliyobomolewa ili mtu aingie. Miaka yote hiyo tumewasifu wabebaji, na mimi sikumbuki mahubiri hata moja yaliyouliza habari za umati wa mlangoni.

Hoja yangu katika makala haya ni hiyo. Makanisa yetu ya Afrika Mashariki hayana upungufu wa huruma kwa watu wenye ulemavu. Huruma ipo, na mara nyingine inatoka jasho kama la wale vijana wanne. Kinachokosekana ni kumwona mtu mwenye ulemavu kama mwenye nyumba, mtu anayeabudu, anayefundisha, anayeamua na kukosoa. Tumezoea kumpa. Kupokea kutoka kwake hatujajifunza.

Ukitaka kuipima huruma hiyo, historia ipo. Shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Buigiri, karibu na Dodoma, ni kazi ya Waanglikana tangu 1950. Irente, kule Lushoto, Walutheri walifungua shule ya wasioona mwaka 1963, na shule ya viziwi ya Mwanga, Kilimanjaro, ni ya kanisa hilohilo tangu 1981. Katika miaka ambayo serikali za kikoloni zilikuwa na mengine ya kufanya, na hata baada ya uhuru, misheni ndizo zilizomfundisha mtoto asiyeona kusoma nundunundu na kumpa mtoto kiziwi lugha. Walimu, wanasheria na wanamuziki wametoka huko. Heshima hiyo siifuti.

Sasa tazama kinachotokea mtoto huyo akimaliza shule. Anarudi kwao, Jumapili anakwenda kanisani, na kanisa lilelile lililomfundisha nundunundu halina ukurasa mmoja wa liturujia kwa nundunundu. Anaimba kwa kukumbuka. Wimbo mpya ukitangazwa kwa namba, wenzake wanafungua kitabu, yeye anasubiri ubeti wa pili ili adake maneno. Shule ilikuwa mradi wa diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, wenye bajeti na wafadhili. Ibada ni jambo jingine, na kule mradi haukufika. Ndiyo maana tuna dayosisi yenye shule mashuhuri ya viziwi na sharika chungu nzima ambamo kiziwi hawezi kujua mchungaji amesema nini.

Sensa ya mwaka 2022 nchini Tanzania ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Usharika wenye watu 600 wa umri huo ungekuwa na kama 67. Ukigeuka ibadani ukawahesabu, utawaona watatu, wanne, na utauliza wengine wako wapi. Baadhi wako nyumbani, hilo ni kweli na linauma. Lakini wengi wamekaa kando yako. Maswali ya sensa yaligusa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana na wengine. Yumo bibi wa benchi la tatu ambaye siku hizi anaitikia "amina" akifuata midomo ya jirani yake. Yumo mzee aliyeacha kushika kitabu cha nyimbo kwa sababu herufi zimekuwa kama sisimizi. Yumo mama aliyejichagulia benchi la mwisho karibu na mlango, maana mwanawe ana usonji, na spika zikipasuka ghafla mtoto hupiga kelele, na kelele ikitoka shingo hamsini zinageuka. Mama yule anajua kutoka haraka kuliko mhudumu yeyote wa zamu. Tunadhani tunazungumzia wageni, kumbe tunazungumzia benchi letu.

Lugha yetu nayo ina mchango wake. Kiswahili kimewaweka kiziwi, kipofu, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti, kisu na kijiko, na kiambishi hichohicho ndicho tunachokitumia kudogosha: kitoto, kijumba. Wataalamu watanikumbusha kwamba kijana na kiongozi nao wamo humo, na hilo nalikubali. Hata hivyo Biblia ya 1952, ambayo wengi wetu tumeikariri, inasema vilema, viwete, vipofu, na mtoto anayesomewa maneno hayo mbele ya darasa la Shule ya Jumapili anasikia jina lake likitajwa kwa namna asiyoipenda. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino, na kubadilika huko hakukuletwa na wahubiri. Wenyewe walidai. Viziwi kwa upande wao wameamua vingine: Chama cha Viziwi Tanzania kinajiita hivyohivyo, kwa sababu kwao kiziwi ni jina la watu wenye lugha yao, na neno wanalolikataa ni bubu. Ndiyo maana nawashauri wahubiri wasitafute orodha ya maneno yaliyoruhusiwa. Wamuulize aliye mbele yao anapenda kuitwaje.

Nije kwenye jambo zito, uponyaji. Naamini Mungu huponya. Sina ugomvi na maombi ya kuponywa, na mtu mwenye ulemavu akiumwa malaria au tumbo aombewe kama sisi sote. Ugomvi wangu ni pale ambapo ulemavu wake unachukuliwa kuwa swali linalosubiri jibu kabla hajahesabiwa kuwa muumini kamili. Fundi amewahi kuwekewa mikono kichwani kituo cha daladala na mtu asiyemjua, bila kuulizwa. Amewahi kuitwa mbele katika mkutano wa injili, akavutwa mikono asimame, akaanguka, na mhubiri akawageukia watu akasema imani ya ndugu huyu bado haijakomaa. Alirudishwa nyuma na aibu ambayo hakuja nayo. Baada ya hapo alikaa miaka miwili bila kukanyaga kanisa lolote, na kwa miaka hiyo miwili, nasikitika kusema, sisi tulikuwa tukidhani amehama.

Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa bila kuona waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Swali hilo ni letu kabisa. Tunaliuliza kwa mama mjamzito, kwa ukoo wa baba, kwa laana ya babu, na siku hizi kwa madhabahu za giza za ukoo. Jibu la Yesu lilikuwa fupi: si yeye, wala wazazi wake. Wengi wetu tunalipita jibu hilo mbio ili tufike kwenye tope na macho yaliyofunguka, na wazazi waliokaa kanisani na mtoto mwenye mtindio wa ubongo mapajani wanaondoka wakiwa wamesikia muujiza ambao haujawapata, bila kusikia kwamba wamesafishwa lawama.

Kuna karamu mbili katika Biblia ambazo ningependa zisomwe zaidi. Ya kwanza ni ile ya Luka 14, ambapo maskini na watu wenye ulemavu wanaitwa waingie karamuni. Soma mpaka mwisho: hakuna aliyeponywa mlangoni. Waliingia walivyo, wakala. Ya pili ni ya Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli, aliyeitwa na Daudi kula mezani pa mfalme siku zote. Sura ile ya 2 Samweli inamalizika kwa kutaja kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Yaani baada ya heshima zote, miguu ilibaki vilevile, na kiti chake mezani kilibaki vilevile.

Halafu yupo Musa. Alipoitwa alimwambia Mungu ulimi wake ni mzito. Mungu hakumnyoosha ulimi. Alimuuliza ni nani aliyemfanya mtu kuwa kiziwi, au mwenye kuona, au asiyeona, kisha akampa Haruni awe msemaji wake. Kwa lugha ya leo alimpatia mkalimani. Na angalia kazi ilibaki kwa nani: Haruni alisema, Musa ndiye aliyeongoza. Katika makanisa yetu ningehofia Musa angepewa kiti cha heshima pembeni, Haruni akapewa usharika.

Mwanatheolojia Mmarekani Nancy Eiesland, aliyeishi na ulemavu tangu utotoni, aliandika mwaka 1994 jambo ambalo limewafungua macho wengi: Kristo aliyefufuka aliwaonyesha wanafunzi mikono na ubavu wenye majeraha. Mwili wa utukufu ulibaki na alama zake. Tomaso alimtambua Bwana kwa makovu. Nilimsimulia fundi jambo hilo, akanyamaza kidogo, akaniuliza kama hilo linahubiriwa mahali popote karibu na hapa.

Viziwi wana habari yao, na inastahili kuelezwa polepole. Nilikwenda mwaka jana kwenye usharika mmoja wa mjini wenye ibada inayotafsiriwa kwa lugha ya alama. Nilifurahi kabla sijaingia. Viziwi kama kumi na watano walikaa kona ya kushoto. Mkalimani, binti mmoja mwenye bidii, alisimama kwenye kivuli cha nguzo, kwa kuwa taa zote zilielekezwa kwa kwaya. Mahubiri aliyatafsiri. Nyimbo hazikutafsiriwa, akapumzisha mikono. Matangazo yalisomwa mbio, akayaruka nusu, yakiwamo ya msiba wa msharika. Kisha kiongozi wa ibada akasema, "Tufumbe macho tuombe." Nikatazama kona ile. Kiziwi akifumba macho, sala imezimika. Walikaa macho wazi wakimtazama mkalimani, naye mkalimani alikuwa amefumba macho.

Sentensi ile fupi, tufumbe macho tuombe, tumeisema maelfu ya mara kwa nia njema. Hakuna mteremko wa zege unaoweza kuitengeneza. Inatengenezwa tu na mtu aliyekaa kona ile akipewa nafasi ya kusema.

Ndiyo maana napenda kumtaja Andrew Foster. Alikuwa Mmarekani mweusi, kiziwi tangu utotoni, mweusi wa kwanza kuhitimu shahada Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington, mwaka 1954. Miaka miwili baadaye alianzisha misheni yake mwenyewe, na mwaka 1957 akafungua Accra, Ghana, shule yake ya kwanza ya viziwi. Alipofariki katika ajali ya ndege nchini Rwanda, tarehe 3 Desemba 1987, alikuwa ameacha shule 32 katika nchi 13 za Afrika, pamoja na madarasa ya Biblia na makanisa ya viziwi. Tarehe hiyo, miaka mitano baadaye, Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, wala sidhani kama waliopanga walimfikiria. Foster hakuwaletea viziwi mkalimani wa kusimama kando ya mhubiri. Alisimama mwenyewe akahubiri kwa mikono yake. Mtoto kiziwi aliyemwona alijua jambo ambalo hakuna hotuba ingeweza kumwambia: kwamba Injili inaweza kutoka kwa mtu kama yeye.

Lugha ya Alama ya Tanzania si Kiswahili kilichohamishiwa vidoleni. Ina sarufi yake, na mtu aliyekua nayo anaisoma Biblia ya Kiswahili kama lugha ya pili. Biblia nzima ya kwanza duniani katika lugha ya alama, ile ya Kimarekani, ilikamilika mwaka 2020 baada ya kazi ya takriban miaka 40. Lugha za alama duniani ni zaidi ya 300. Walutheri tunaojivunia kwamba Luther aliwapa Wajerumani Maandiko kwa lugha ya mama tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Na kwa wanaosema imani huja kwa kusikia, kwa hiyo kiziwi ana shida na imani: Luther mwenyewe, katika maandiko yake ya mwaka 1520, alitetea wasiosikia wala kusema wapewe Meza ya Bwana. Zaidi ya miaka mia tano imepita.

Kipaimara ni mlango mwingine ulio na ngazi zisizoonekana. Mtoto anakaa darasani miaka miwili, kisha anasimamishwa mbele kujibu Katekisimu kwa kichwa: "Maana yake ni nini?" Mwenye ulemavu wa akili hawezi, basi anaambiwa asubiri mwaka ujao, na mwaka ujao haufiki. Namfahamu kijana wa miaka 23 ambaye wadogo zake wawili wamepita mbele yake. Kila Meza ya Bwana inapoandaliwa anainuka na wengine, na mama yake anamshika shati. Katekisimu Ndogo iliandikwa mwaka 1529 baada ya Luther kuzunguka vijijini Saksonia na kukuta watu wa kawaida hawajui lolote la imani. Aliandika ili baba amfundishe mwanawe nyumbani kwa maneno mepesi. Ilikusudiwa kuwa daraja, sisi tumeifanya kizuizi. Wakatoliki nao wana mjadala huohuo, na Papa Fransisko alilisema wazi mwezi Juni 2016 mbele ya mkutano wa watu wenye ulemavu: paroko anayewabagua katika sakramenti amekosea, ama wote wapokee, ama asipokee yeyote. Kijana yule ninayemsema anajua mkate ule ni wa nini. Alipoulizwa na bibi yake alijibu, "Wa Yesu. Na mimi." Sijui ni mtahini gani angempa sifuri.

Haya hayakubuniwa na mimi wala hayakutoka mbali. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianzisha mtandao wake wa kuwatetea watu wenye ulemavu, EDAN, kwenye mkutano mkuu wa Harare mwaka 1998, na makao ya kazi yake yakawa Nairobi, chini ya Samuel Kabue, Mkenya asiyeona. Mwaka 2003 Baraza hilo lilipokea tamko linalotaka kanisa la watu wote na kwa ajili ya watu wote. Fikra ambazo makanisa ya Ulaya yalizisoma zilipikwa kwa sehemu kubwa hapa jirani, na sisi wa sharika tunazisikia kama habari za ugenini. Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotambua haki ya kufika bila vikwazo kwenye majengo yanayotumiwa na umma. Kanisa lisingepaswa kungoja kukumbushwa na sheria, lakini kama itabidi, na tukumbushwe.

Mahali ninapoweka tumaini kubwa ni jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa eneo letu walizifanya jumuiya ndogondogo kuwa moyo wa kanisa tangu miaka ya 1970, na sisi Walutheri tuna zetu, nyumba kwa nyumba, alfajiri au jioni, mkeka na viti vya kuazima. Hakuna ngazi tisa pale. Hakuna spika. Watu kumi na tano wanatazamana usoni, mtu akiomba kiongozi aseme taratibu anasikilizwa. Mtoto akipiga kelele, kuna jirani wa kumpokea. Kama kuna mahali ibada ya watu wote inaweza kuanza bila senti ya mfadhili, ni hapo. Lakini angalia ratiba ya zamu. Nyumba ya mwenye ulemavu mara nyingi inarukwa, "tusimsumbue," au inawekwa kwenye orodha ya kutembelea wagonjwa. Fundi aliishi mtaa wetu miaka kumi na moja kabla jumuiya haijasali kwake. Siku tulipokwenda, alikuwa amepanga kila kitu, chai ya tangawizi, maandazi, na Zaburi aliyoichagua mwenyewe. Alituongoza dakika arobaini. Kina mama waliokuwa wakimpelekea unga kila Krismasi walitoka wakimwita mwalimu.

Narudi kwenye zile ngazi. Baada ya maneno ya jeneza nililipeleka suala barazani, na sikupata upinzani. Harambee ilipigwa, mchanga ukaletwa, ndani ya wiki mbili tukawa na njia ya mteremko ya zege, yenye urefu wa mita sita, na mchungaji akaizindua kwa utepe. Fundi alipofika chini yake aliitazama, akanitazama mimi, akatabasamu kwa adabu. Hakuweza kuipanda. Vijana wawili walimsukuma kutoka nyuma wakihema, na wakati wa kushuka watatu walimzuia asiporomoke. Hatukuwa tumemuuliza. Ngazi tisa za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 135, na kipimo kinachotumika kwingi duniani ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ilihitajika zaidi ya mita 16, yenye kona na sehemu bapa ya kupumzikia. Hesabu hiyo fundi alikuwa nayo kichwani tangu zamani. Alituambia baadaye kwamba alikuwa akingoja aulizwe, maana mtu anayesaidiwa akitoa masharti anaonekana hana shukrani.

Tulivunja tukajenga upya, na safari hii alikuwa mjumbe wa kamati. Jumapili ya kwanza alifika mapema, kabla ya kengele ya kwanza. Wale vijana wanne walikuja saa yao ya kawaida wakasimama chini ya ngazi wakimngoja, wakiangalia barabarani, mpaka mmoja alipochungulia ndani akamkuta ameketi benchi la pili na kitabu chake kimefunguliwa.

Mwezi uliopita mchungaji alimwomba asome somo la Agano la Kale. Alikubali, ila akauliza atasomea wapi, kwa kuwa kinara cha kusomea kiko juu, penye madhabahu, na kuna ngazi tatu ambazo kamati zote mbili hazikuziona. Mchungaji akasema angesomea chini, apewe maikrofoni. Fundi akajibu kwa heshima kwamba wasomaji wote husomea juu.

Kamati ilikutana Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Kabla hatujafungua kwa sala, fundi alisogeza kiti chake mpaka mbele, akatoa mfukoni futi kamba yake ya kazi, akainama, akaanza kupima. "Kumi na sita," akasema. "Kumi na sita. Hii ya juu, kumi na saba. Andikeni."